Maswali Yenu: Marekani, Washirika Wake na Watu wa Diego Garcia

SWALI: Mzee, shikamoo. Toleo lililopita uliandika kwamba ushirika wa kijeshi na Marekani una gharama, na kwamba mara nyingi anayeibeba ni mtu ambaye hata hakuulizwa. Tumebishana sana juu ya sentensi hiyo hapa chuoni. Wenzangu wanaona umeionea Marekani: Japani, Ujerumani na Korea Kusini zimekaa chini ya ulinzi wake kwa miongo mingi, na leo ni nchi tajiri. Huyo mbeba gharama ni nani? Tupe mfano wenye majina na tarehe. — *Mwanafunzi wa sheria*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitakupa mfano mmoja tu na nitakaa nao, maana mifano kumi iliyotajwa harakaharaka haijawahi kumshawishi mtu. Uko katikati ya Bahari ya Hindi. Ni visiwa vya Chagos, na kikubwa kati yake, Diego Garcia.

Visiwa hivyo vilikuwa na wenyewe. Wazee wao waliletwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wakiwa watumwa, wengi wakitokea Madagaska na Msumbiji, walime minazi ya Wafaransa. Waingereza wakavichukua baadaye, utumwa ukafutwa, na watu wakabaki palepale. Wakaishi kwa mbata, uvuvi na bustani zao, wakisema Kikrioli chao na kuzika wafu wao kizazi baada ya kizazi.

Ilipofika miaka ya 1960, wakuu wa jeshi la majini la Marekani walikuwa wakitafuta kisiwa. Nchi za Asia na Afrika zilikuwa zinapata uhuru moja baada ya nyingine, na kambi iliyo ndani ya nchi huru ina hatari yake: serikali mpya inaweza kuamka siku moja ikakwambia ufungashe. Walitaka mahali pasipo na wa kuwaambia hivyo. Chagos ilikuwa sehemu ya koloni la Mauritius. Novemba 1965 Uingereza ikavimega visiwa hivyo na kuvifanya koloni jipya, wakati Mauritius yenyewe ikielekea kwenye uhuru wake wa Machi 12, 1968. Desemba 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaionya Uingereza isiikate vipande Mauritius. Haikusikia. Desemba 30, 1966 ikabadilishana hati na Marekani: visiwa vitumike kwa ulinzi kwa miaka 50, na vinaweza kuongezwa 20.

Kodi haikutozwa. Pembeni, kwa siri, Marekani ilikubali kuisamehe Uingereza dola milioni 14 katika gharama za makombora ya nyuklia ya Polaris iliyoyanunua kwake. Bunge la Marekani halikuambiwa. Habari ilikuja kuvuja mwaka 1975.

Wewe unayesoma sheria, hesabu nani aliondoka na nini. Marekani ilipata kambi. Uingereza ilipata punguzo la makombora. Mauritius ililipwa pauni milioni 3 kwa kumegwa. Mchagos hakupata kitu, na zaidi ya hapo uwepo wake ndio uliogeuzwa kuwa tatizo, kwa sababu Marekani ilitaka kisiwa kisicho na wakazi. Maofisa wa Uingereza wakaanza kuuambia ulimwengu kwamba pale hapana wenyeji, pana vibarua wa muda tu. Walijua si kweli. Nyaraka zao wenyewe, zilizokuja kufunguliwa miaka mingi baadaye, zinaonyesha wakishauriana namna ya kuushikilia uongo huo.

Kabla sijashika kalamu nilikuwa baharia wa meli za mizigo, na Port Louis tulikuwa tukitia nanga mara kwa mara. Huko nilifahamiana na mama mmoja mtu mzima aliyezaliwa Peros Banhos, sehemu ya visiwa hivyo vya Chagos. Alikuja Mauritius akimleta mtoto hospitali. Mtoto alipopona akaenda bandarini kuulizia meli ya kurudi, akaambiwa hapana meli, kisiwa chako kimeuzwa. Alikuwa na nguo za safari tu. Nyumba, kuku, sufuria, vyote vilibaki kule, na mume pia. Nilimuuliza kazi yao ilikuwaje, akanionyesha kwa mikono mitupu: mkono wa kushoto unazungusha nazi isiyokuwepo, wa kulia unashuka na kisu kisichokuwepo, kifundo kinageuka, vipande viwili vinaanguka. Alifanya haraka kiasi kwamba ilibidi nimwombe arudie. Wengi walizuiwa hivyohivyo, mmojammoja, bila amri yoyote kusomwa hadharani.

Waliobaki walifuatwa mwaka 1971. Mbwa wao walikusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari ndani ya banda la kukaushia mbata, watoto wakisikia. Watu wakapakiwa kwenye meli, sanduku moja moja. Waliosafiri na meli iitwayo Nordvaer walisimulia kwamba farasi wa meneja walipewa nafasi sitahani. Wa mwisho waliondolewa Peros Banhos mwaka 1973. Jumla yao inakadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 2,000, wakaachwa Mauritius na Ushelisheli bila nyumba wala kazi.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikilikumbuka linaniuma. Katika mipango hiyohiyo Uingereza ilikitaka pia kisiwa cha Aldabra, makao ya ajabu ya kobe wakubwa wasiopatikana kirahisi duniani. Wanasayansi wakapaza sauti kuwatetea kobe, na mwaka 1967, pauni nayo ikiwa imeshuka thamani, mpango wa Aldabra ukafutwa. Nawashukuru kwa kobe. Lakini Mchagos hakuwa na wa kumsemea katika vyumba hivyo.

Mwenzako atasema: basi hiyo ni dhambi ya Uingereza, Marekani inaingiaje? Inaingia kwa sababu mteja ndiye aliyetaka nyumba tupu. Mwaka 1971, suala la Wachagos lilipofika mezani kwa Amiri Elmo Zumwalt, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, jibu lake lilikuwa maneno matatu tu ya Kiingereza, maana yake ni kwamba hawa lazima waondoke. Na hivi ndivyo ushirika unavyofanya kazi mara nyingi: mkubwa anasema anachotaka, mshirika anafanya ile kazi chafu, na lawama ikija kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Wachagos walipodai kwa Marekani waliambiwa waende kwa Waingereza.

Kuhusu Japani nitasema kwa ufupi. Utajiri wake siubishi. Lakini tazama Okinawa: ni kama asilimia 0.6 ya ardhi ya nchi hiyo, na imebeba takriban asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na Marekani peke yake. Februari 2019 wakazi walipiga kura ya maoni juu ya ujenzi wa kambi mpya Henoko, na karibu asilimia 72 ya waliopiga wakaukataa. Ujenzi uliendelea. Kwa hiyo hata ndani ya nchi tajiri, mbeba gharama yupo, na ana anwani.

SWALI: Mzee wetu, salamu. Hivi mshirika wa Marekani anaweza kweli kusema "hapana" na asiangamie? Naona viongozi wanasingizia kwamba hawana hiari. — *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Anaweza, ndugu yangu, na wapo waliofanya. Septemba 16, 1991 Seneti ya Ufilipino iliukataa mkataba mpya wa kambi kwa kura 12 dhidi ya 11, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaiacha Subic Bay. Machi 1, 2003 Bunge la Uturuki, mwanachama wa NATO, liliulizwa kama majeshi ya Marekani yapite kwake kuingia Iraki. Walioafiki walikuwa 264, waliopinga 250, na 19 hawakuegemea upande. Hoja ikaanguka kwa kukosa wingi unaotakiwa. Ndiyo kusema hoja inaweza kuongoza kwa kura na bado isipite, kanuni za bunge zikiheshimiwa.

New Zealand ndiyo iliyoadhibiwa waziwazi. Mwaka 1985 iliikatalia nanga manowari ya Marekani, USS Buchanan, kwa kuwa Marekani haikuwa tayari kusema kama meli zake zina silaha za nyuklia au la. Agosti 1986 Marekani ikasimamisha wajibu wake wa kuilinda chini ya ANZUS, mkataba wa ulinzi wa Australia, New Zealand na Marekani. New Zealand haikurudi nyuma. Mwaka 1987 ikaliweka katazo hilo katika sheria, na nchi ipo.

Sasa linganisha na yule anayesema hapana kwa nadra sana. Serikali ya Uingereza ililiambia Bunge lake mara kadhaa kwamba Diego Garcia haikutumiwa kuwasafirisha kwa siri watu waliokamatwa na CIA, kwa kuwa Marekani iliihakikishia hivyo. Februari 21, 2008 Waziri wa Mambo ya Nje David Miliband alisimama bungeni kuomba radhi: mwaka 2002 ndege mbili, kila moja ikiwa na mfungwa, zilitua pale kujaza mafuta. Huyo ndiye mshirika wa karibu kuliko wote, kwenye ardhi aliyodai ni yake, na hakujua nani anapita.

SWALI: Kwa nini huandiki juu ya Urusi na China? Au unaichukia Marekani? — *Bila jina*

JIBU: Huenda ulikosa toleo nililoandika juu ya uvamizi wa Ukraine wa Februari 2022; niliuita uvamizi na naurudia. Finland iliingia NATO mwaka 2023 na Uswidi 2024 kwa hiari yao, kwa kumwogopa jirani, na sina neno la kuwalaumu. Hofu yao ni ya kweli.

Wala siichukii Marekani. Mengi ninayoyajua dhidi ya sera zake nimeyapata kwa Wamarekani. Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi, katika Baraza la Wawakilishi mtu mmoja peke yake, Barbara Lee, alipiga kura dhidi ya idhini ya vita isiyo na mipaka, 420 waliikubali. Idhini ile ilikuja kutumiwa na marais kadhaa katika nchi ambazo siku ile hakuna aliyezitaja. Na Human Rights Watch, yenye makao yake New York, ndiyo iliyoandika Februari 2023 kwamba waliyotendewa Wachagos ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikizitaja Uingereza na Marekani zote mbili.

SWALI: Mzee, nimesikia Uingereza imekubali kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos. Basi suala si limekwisha? — *Mama wa watoto wawili*

JIBU: Mama, lilipofikia si padogo, kwa hiyo nianze na ushindi. Februari 25, 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni, majaji 13 dhidi ya mmoja, kwamba kumegwa kwa Chagos hakukuwa halali na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Aliyepinga ni jaji Mmarekani, Joan Donoghue. Hoja yake ilikuwa kwamba Mahakama isingepaswa kulitolea maoni suala la nchi mbili ambalo mmoja hakuridhia lifike pale. Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura 116 kwa 6 kuitaka Uingereza iondoke. Ukitaka kuuona ushirika kwa macho, soma orodha ile: Marekani na Australia zikasimama na Uingereza, na Ujerumani na Ufaransa, ambazo huhubiri sana juu ya sheria za kimataifa, zikawa kati ya nchi 56 zilizojizuia.

Mei 22, 2025 ndipo Uingereza na Mauritius zilipotia saini mkataba unaoipa Mauritius mamlaka juu ya visiwa. Lakini kwa mkataba huo Diego Garcia inabaki mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka, ili kambi iendelee. Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarudisha watu kwenye visiwa vingine. Diego Garcia hapana. Wachagos wengi walilalamika kwamba safari hii pia serikali mbili zilizungumza na wao wakasubiri nje ya mlango.

Kwangu mimi mwenye madai ni Mchagos. Mauritius ina haki yake kama dola, na nimefurahi kuiona ikitambuliwa, lakini bendera ikibadilishwa bado haijamjengea mtu nyumba. Anayetaka kulimaliza aanze na hili: aliyezaliwa Diego Garcia, pamoja na watoto wake, aruhusiwe kuishi kwenye kisiwa hicho. Kisiwa kina urefu wa kutosha, na kambi imekalia sehemu tu ya nchi kavu yake. Kwingi duniani watu wanaishi ng'ambo ya uzio wa kambi za Marekani, Okinawa wakiwemo. Nani alisema Diego Garcia haiwezekani, na kwa sababu gani ya usalama iliyowahi kupimwa mbele ya wenyewe? Swali hilo liulizwe London, na liulizwe Washington kwa sauti ileile.