Amplifaya ya transista yenye sauti nene, kwa shilingi 25,000

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama kwa shilingi 25,000 unaweza kupata amplifaya ya transista ya sebuleni, sauti yake iwe nene na laini, ya kusikilizia taarab za zamani na kaswida. Umesema pia kuna aliyekwambia bila valvu, zile taa za kioo za amplifaya za zamani, usisumbuke. Hilo usilikubali. Huku Amu, yaani Lamu, nimesikiliza zote mbili, na amplifaya nzuri ya transista inautoa udi na fidla vile vilivyo.

Transista ilipata sifa mbaya kwa amplifaya za mwanzo za miaka ya 1960. Transista mbili hupokezana wimbi la sauti, moja upande wa juu na nyingine upande wa chini, na zile za zamani zilikuwa na pengo pale katikati, hasa sauti ikiwa ndogo. Masikio hulisikia kama mkwaruzo. Tatizo hilo lilitatuliwa zamani. Lililobaki ni jinsi amplifaya inavyofanya inapozidiwa. Valvu ikizidiwa huviminya vilele vya mawimbi polepole. Transista huvikata ghafla, na hapo ndipo sauti ya mwimbaji inapogeuka kuwa kali.

Ndiyo maana bado naisifu amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, kazi ya mhandisi Erik Edvardsen. Iliandikwa wati 20 tu kwa kila upande, lakini ilikuwa na nguvu ya akiba kwa zile ngoma za ghafla, na nyuma yake palikuwa na swichi ya kulainisha ule ukataji. Ukiipata nzima, iliyotunzwa, chukua.

Wati 20 zinatosha? Sebuleni zinatosha kabisa. Spika ya kawaida inayotoa desibeli 88 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, umbali wa mita 1, ukiipa wati 20 inafika desibeli 101. Jirani atakuja kubisha. Na ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo zile redio za dukani zilizoandikwa PMPO wati 5,000, namba ya kilele cha papo hapo tu, zipite. Zigeuze uangalie kibandiko cha nyuma: kama inavuta wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kutoa zaidi ya hizo. Namba ya kuuliza ni wati za mfululizo kwa kila upande, kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Kisha inyanyue. Amplifaya ya namna hii ikiwa nzito, mara nyingi uzito huo ni wa transfoma, na transfoma kubwa ndiyo inayoishikilia besi isilegee.

Visahani vya kuzungushia besi (sauti nzito) na trebo (sauti kali) usiviache. Wapo wanaodai amplifaya safi haihitaji hivyo. Rekodi zetu nyingi zimetoka kwenye kaseti zilizonakiliwa juu ya nakala, na nyingine zina trebo kali. Mimi humsikiliza Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Amu, trebo nikiwa nimeipunguza kidogo, na nyuzi za udi zinakaa pahala pake. Amplifaya isiyo na visahani hivyo inakunyima kazi hiyo.

Lakini kabla hujatoa hata senti, tazama chumba. Nyumba zetu za mawe zina kuta za chokaa na vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Trebo hugonga ukuta huu na ule ikarudi. Kwako Malindi, kama sebule ni ya matofali na vigae chini, hali ni ileile. Tandika zulia zito kati yako na spika, weka pazia nene na mito mingi. Zisogeze spika ukutani kidogo kidogo: karibu na ukuta besi huongezeka, kwenye pembe huvuma kupita kiasi. Nusu ya ule unene unaoutafuta iko hapo, na haina bei.

Vile visanduku vidogo vipya vya amplifaya vyenye chipu ya TPA3116 ni vya bei rahisi, havipati moto sana, na kwa anayeanza vinafaa. Ila trebo yake hubadilika kufuatana na spika uliyounga, kwa hiyo sauti uliyoisikia kwa rafiki huenda usiipate nyumbani.

Kwa pesa yako mimi ningetafuta mtumba wa Uingereza: NAD, Rotel au Marantz. Soma volti nyuma. Iliyokusudiwa soko la Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 240 zetu bila transfoma ya kushushia, inaungua papo hapo. Nenda na fundi mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Apime volti za DC kwenye matundu ya spika, hakuna spika wala muziki: ikiwa chini ya milivolti 50 ni salama, ikipita 100 iacheni. Zungusha kisahani cha sauti. Kikikwaruza ni vumbi na chumvi, husafishika kwa dawa. Kapasita (vile vikopo vya ndani vinavyohifadhi umeme) zilizovimba au kuvuja ni gharama, iondoe kwenye bei. Na kwa sisi wa pwani, epuka yenye feni, maana feni huvuta hewa ya chumvi ndani mchana kutwa.

Sasa tuambie spika zako ni za omu ngapi na desibeli ngapi. Zikiwa za omu 4, NAD ya wati chache itakufaa kuliko nyingi zenye namba kubwa. Kama spika bado hujanunua, weka shilingi 10,000 kwenye amplifaya na zinazobaki zote ziende kwenye spika.