Majichumvi Yapimwe Alfajiri, Tena Chini

Anayeanza kazi ya chumvi huku Bagamoyo hufundishwa kwamba jua hukausha maji. Ni kweli, lakini jua hilohilo huihamisha chumvi ndani ya maji yenyewe, na asiyelijua hilo husoma vipimo vinavyompotosha. Kwa niliyoyaona mabwawani, hasara nyingi huanzia kwenye kipimo kabla hata ya mvua kunyesha.

Tofauti ya joto huhamisha chumvi kwa njia mbili. Ya kwanza hutokea katika maji yaliyotulia kabisa, ambamo chumvi iliyoyeyuka kwa kawaida huelekea polepole upande wa baridi. Carl Ludwig aliliona jambo hilo mwaka 1856, na Charles Soret akalichunguza kwa makini mjini Geneva mwaka 1879. Ni somo zuri kwa mwalimu wa fizikia, ila tofauti ya nyuzi joto 10 huzaa tofauti ya chumvi isiyozidi asilimia chache, tena baada ya siku nyingi hata kwa kina cha sentimita 10. Upepo wa kusi huivuruga kabla haijafika popote.

Njia ya pili ndiyo inayotuhusu. Maji ya moto ni mepesi, na maji yenye chumvi nyingi ni mazito. Jua likiwa kali, tabaka la juu hupungua maji na kukolea chumvi, lakini joto lake huliwezesha kuelea. Jua likishuka, joto hilo hutoka upesi, kwa sababu ndani ya maji joto husambaa takriban mara 100 kwa kasi kuliko chumvi. Chumvi hubaki, wepesi ukawa umekwisha, na maji yale huzama. Ukichutama kando ya tuta jioni, mwanga ukiwa umelala juu ya bwawa tulivu, utaiona michirizi myembamba inayotetemeka ikielekea chini.

Kwa hiyo nashauri maji yachotwe alfajiri. Mimi huziba mdomo wa chupa ndogo kwa kidole gumba, nikaizamisha hadi karibu na tope, ndipo nikaondoa kidole. Kisha, pamoja na kipimo cha haidromita, yaani kifaa kinachoelea cha kupimia ukolevu wa majichumvi, andika joto la maji. Haidromita nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 15 au 20, joto ambalo maji yetu hayashuki hadi kulifikia. Majichumvi yaliyokolea yakizidi joto hilo kwa nyuzi 20, husomeka pungufu kwa takriban digrii moja ya Baumé, kizio cha ukolevu kilichoandikwa kwenye haidromita. Digrii hiyo si ndogo hata kidogo. Chumvi ya kula huanza kuganda kwenye 25 hivi, na ukikaribia 30 chumvi chungu za magnesiamu huanza kuingia kwenye mavuno. Anayesoma 24 ilhali ukweli ni 25 atakuta fuwele zimeganda katika bwawa la kukolezea, mahali ambapo hakuandaa sakafu ya kuvunia.

Mvua ya ghafla ina utaratibu wake. Maji baridi ya mvua hukaa juu ya majichumvi mazito, na ukiingiza mguu siku ya pili utahisi juu pamepoa na chini panachoma, kwani joto la jua limenaswa chini. Usiyakoroge maji hayo wala usiruhusu watu kuvuka bwawani. Ondoa mbao za juu tu za mlango wa maji, uache tabaka lile jepesi litoke taratibu, nawe uendelee kuchota na kuonja hadi ukali wa chumvi urejee, kisha uufunge mlango.