Una prosesa ya Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi ya B450? Chukua 5600, mazabodi ibaki hiyo hiyo

Mkuu, kwa ulivyoeleza una prosesa ya AMD Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, kadi ya picha (GPU) ya RX 6600, RAM ya GB 16 na monita ya Hz 144, unacheza zaidi Counter-Strike 2 (CS2) na Warzone, na unauliza uchukue prosesa gani. Muuzaji mmoja Kariakoo anakwambia uza kila kitu uchukue prosesa ya Intel i5-12400F na mazabodi yake, mwingine anakushikia Ryzen 7 5700X kwa sababu ina viini vinane. Mimi nakwambia chukua Ryzen 5 5600, mazabodi usiiguse.

Ila kabla hujatoa hela, hakikisha kweli prosesa ndiyo inayokukwamisha. Zima V-Sync (inayobana fremu, yaani picha za kila sekunde, zisizidi mwendo wa monita) na kikomo cha fremu, washa programu ya MSI Afterburner, weka kwenye skrini matumizi ya GPU na ya kila kiini cha prosesa, halafu ingia mechi. GPU ikikaa asilimia 97 hadi 99 muda wote, prosesa mpya haitakuongezea kitu cha maana. Ikicheza kwenye 60 au 70 na gemu linakatakata, hapo prosesa imezidiwa. Usiangalie ile namba ya jumla ya prosesa, maana inaweza kusoma asilimia 45 huku kiini kimoja kimejaa hadi juu na gemu zima linakisubiri hicho kimoja. Ukitaka uhakika zaidi, shusha resolusheni mpaka 720p. Fremu zisipopanda, GPU haina kosa.

Angalia na RAM. Mashine nyingi ninazoletewa nakuta RAM ya 3200 inakimbia 2400 au 2133 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP (mpangilio unaoipa RAM mwendo wake kamili) kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi, au ni kijiti kimoja badala ya viwili. Ryzen inaumia sana na hilo, kwani njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa inakwenda kwa mwendo wa RAM. Hii haikugharimu hata shilingi, anza nayo.

Sasa kwa nini 5600. Nilikuwa na 2600 kama yako, nikahamia 5600 bila kubadilisha kitu kingine. Kwenye CS2, moshi ukirushwa na watu wakianza kupishana risasi, 2600 ilikuwa inaporomosha fremu pale pale unapotakiwa kulenga. Na 5600 pametulia. Wastani wa fremu ulipanda, sawa, lakini zile fremu za chini kabisa ndizo zilizobadilisha uchezaji.

Sababu iko ndani ya prosesa yenyewe. 2600 ni ya 2018, na viini vyake 6 vimegawanywa makundi mawili ya vitatu vitatu, kila kundi na kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 8. Kiini kikitaka kitu kilichoko kundi la pili, lazima kizunguke, na huko kuzunguka ndiko kunakokula fremu. 5600 iliyotoka 2022 ina viini 6 vile vile, lakini vyote vinachota kwenye kache moja ya MB 32. Kwa hiyo ukiona viini 6 kwa 6 usifikiri ni kitu kimoja.

5700X ina viini 8, ila kache ni ile ile MB 32. Kwa gemu pekee ukiwa na RX 6600, sioni utakapoiona tofauti. Ingekuwa unarusha mechi laivu au unaediti video, ningekuambia ongeza hela. Tena inauzwa bila feni, wakati 5600 ya boksi inakuja na feni yake.

Hapa ndipo watu wanapigwa: 5500 na 5600G. Majina yanakaribiana, bei inavutia, lakini zote mbili kache yake ni MB 16, na kwenye magemu inaonekana. Ukinunua iliyotumika, omba iwashwe hapo hapo dukani, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, soma pale palipoandikwa L3 cache. Iwe 32 MB. Ikisoma 16, rudisha.

12400F si mbaya hata kidogo. Ila kwenye magemu inakaribiana sana na 5600, kwa hiyo utalipia mazabodi nyingine ufike pale pale. Na soketi yake ya LGA1700 Intel walishaibadilisha 2024. Ukiamua kubadilisha mazabodi, jikusanye uende AM5, soketi mpya ya AMD, na RAM ya DDR5 moja kwa moja. AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Kwa mazabodi yako hiyo hiyo, prosesa za 5700X3D na 5800X3D zina kache ya MB 96 na ni tamu kweli kweli, lakini kwa RX 6600 hela hiyo bora iende kwenye GPU.

Siku ya kufunga, BIOS inasasishwa kwanza, 2600 ikiwa bado ndani, maana B450 yenye BIOS ya zamani haitaitambua 5600. Tumia UPS; umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo mazabodi inaweza isiwake tena. Kisha cheza gemu kama dakika kumi ili pesti iliyo juu ya prosesa ilainike, zima, chomoa waya, uzungushe hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinua. Ukiivuta juu ikiwa ya baridi, prosesa za AM4 (soketi ya B450 yako) hung'oka nayo kutoka kwenye soketi hata kama kile kiwaya cha pembeni kimefungwa, na pini zinapinda. Chini ya hitisinki mara nyingi huoni kinachotokea mpaka umeshainua.

Fungua CPU-Z, sehemu ya Mainboard, uniwekee hapa modeli kamili na toleo la BIOS. Nikiyaona nitakuambia toleo gani la kupakua.