Muulize Shangazi: Kiswahili Changu Kimenigomea Kampala

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa tatu, kutoka Mwanza. Nimekuja Kampala kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki kumi na mbili, ambayo wenyeji huyaita intanshipu. Sasa ninaingia wiki ya nne, na kila Jumapili ninahesabu siku zilizobaki. Kabla sijaondoka nyumbani kila mtu aliniambia kwamba sitakuwa mgeni, kwa sababu Uganda ni jirani, ziwa letu ni moja na Kiswahili kinaeleweka. Nimekuta mambo mengine kabisa. Wenzangu ofisini huzungumza Luganda wakati wa chakula, nami hukaa kama mtu aliyeingia msibani asimjue marehemu. Nikiwasemesha kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, tena kwa neno moja. Kwenye teksi, kondakta akisikia lafudhi yangu, nauli inapanda. Siku ya kwanza niliaibika: mpishi alipita akisema kwamba leo kuna posho, nikauliza kwa furaha kama ni ya wiki au ya mwezi, kumbe alikuwa anazungumzia ugali. Walicheka sana, nami nikacheka nao. Siku ya pili, ili kuchangamsha mazungumzo, niliwapa ule utani wetu kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya na kikafia Uganda. Walitabasamu kidogo, kisha kila mmoja akarudi kwenye sahani yake. Ninafikiria kumwomba msimamizi wangu wa chuo nimalizie mafunzo Mwanza. Je, nikubali kwamba nimeshindwa?
Mgeni wa Bukoto, Kampala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwandikie msimamizi wako bado. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ule utani, ambao wewe umeutaja kwa kupita tu, kana kwamba hauhusiani na hayo mengine. Mimi nilikuja Kampala kutoka Tanga nikiwa bibi harusi, na utani huohuo niliutoa jikoni kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Kibuli, katika juma langu la kwanza. Alikuwa ameketi mkekani akimenya matooke. Hakuacha kumenya wala hakuinua macho; ganda lilianguka juu ya majani ya mgomba, naye akaniuliza kwa Kiswahili safi: “Basi mimi ninayezungumza nawe ni maiti?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwetu sisi tuliokulia ndani ya Kiswahili, utani ule ni wa kuchekea lafudhi za majirani. Hapa unagusa pasipotakiwa kuguswa. Kiswahili kilifika Buganda na misafara ya biashara katika karne ya 19, lakini waliokuja kukieneza zaidi walikuwa askari, kwa kuwa kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la wakoloni na kikabaki jeshini na polisi hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, kwa hiyo mzee wa miaka sabini unayemwona leo akiuza magazeti Wandegeya alikizoea kwenye vizuizi vya barabarani, si kwenye taarabu. Hata wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979, ambao wakazi wengi waliwapokea kwa shangwe, walifika na Kiswahili mdomoni na bunduki begani. Wapo watu wa makamo ambao mpaka sasa, wakigongewa mlango usiku na mtu anayesema Kiswahili, hawafungui.

Vijana wenzako ofisini hawana kumbukumbu hizo, lakini wana jambo jingine, nalo ni kuona aibu. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini wenzako wengi walikuwa wameshamaliza shule, na Kiswahili walichonacho wamekiokota sokoni, kwenye muziki na kwa jamaa walio askari. Wanajua kwamba wanasema “mutu” na “kitu yangu”. Wewe unapowasemesha kwa sentensi iliyonyooka kama rula, wanakuona mtahini, na utani wako uliwathibitishia kwamba kweli umekuja kusahihisha. Mtu wa namna hiyo hukimbilia Kiingereza kwa sababu huko ninyi nyote ni wageni.

Deni hilo la kicheko ulilipe kwa kicheko. Jumatatu usiombe radhi kwa hotuba, maana utawatia aibu zaidi. Nenda kwa yule mpishi wa posho, umwambie akufundishe kuomba chakula kwa Luganda, kisha ukiombe mbele ya wote, ukosee, wakucheke. Ninakuhakikishia kwamba utakosea, kwa sababu Luganda huvuta irabu na kukaza konsonanti kwa namna ambayo ulimi wetu haujaizoea, na neno likivutwa pasipostahili hugeuka neno jingine. Atakayekusahihisha wa kwanza ndiye atakayekuwa rafiki yako. Na baada ya siku chache yeye mwenyewe atakuuliza neno fulani Waswahili hulisemaje.

Tena huanzi na mikono mitupu. Saa za Luganda huhesabiwa kama zetu: ssaawa bbiri za asubuhi ni saa mbili asubuhi, na ukisikia emmeeza, essabbuuni, eddirisa na ekitabo huhitaji mkalimani. Shida ni yale maneno yanayofanana na yetu kwa sura huku yana maana nyingine, kama hiyo posho iliyokuponza. “Kale” si zamani, ni “haya, sawa”. Ukiomba “ndiizi” sokoni Nakasero utapewa vile vindizi vidogo vitamu, si ndizi za kupika, ambazo ni matooke, wala zile ndefu za kula, ambazo ni bogoya. Na dalali akikuambia kwamba ana “mizigo” ya kupangisha, usitafute mkokoteni. Muzigo ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupanga.

Nitakaa kidogo kwenye salamu, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi kutoka kwetu hukwaa. Shikamoo hapa haipo, na usiwadhanie watu kwamba hawana heshima kwa kuwa hawakuamkii. Wana namna yao, nayo ni ndefu. Asubuhi utasema “Wasuze otya nno, nnyabo?” kwa mwanamke au “ssebo” kwa mwanamume, uulizwe nawe ulivyolala, ujibu kwamba ni vizuri, na baada ya hapo hufuata miguno ya “mmm” na “eee” inayopokezanwa taratibu kama watu wawili wanaokunja shuka. Usiikatize. Ukimkuta mtu kazini, awe mfagizi au mkurugenzi, mwambie “gyebale ko”, yaani unamshukuru kwa kazi anayoifanya. Sisi tuna “pole na kazi”, lakini sisi tunampa pole na wao wanampa asante, na tofauti hiyo nimeipenda tangu nilipoielewa. Usishtuke pia ukimwona dada wa ofisini, mwenye shahada yake, akipiga magoti kumsalimu mgeni mzee. Wewe si Muganda na hakuna anayekudai magoti. Kuinama kidogo kunatosha.

Sasa nauli. Kwanza, teksi ya hapa ni daladala ya kwetu, ile nyeupe yenye mkanda wa mirabaraba ya buluu, na gari la kukodi peke yako huitwa spesho. Nauli hupanda jioni na hupanda zaidi mvua ikinyesha, kwa wenyeji na wageni sawia, kwa hiyo si kila bei ya juu ni hila dhidi yako. Dawa ni kumwuliza abiria aliye kando yako, si kondakta, kabla gari halijaondoka: “Ssente mmeka?” Jibu litakuja kwa hesabu ambayo huna budi kuijua kwa masikio: bitaano ni 500, lukumi ni 1,000, lukumi mu bitaano ni 1,500, enkumi bbiri ni 2,000. Shika kiasi hicho mkononi kikiwa kamili na ukitoe bila neno. Ukitaka kushuka usiseme “shusha”. Sema “mu maaso awo, ssebo”, yaani hapo mbele, na useme mapema, kwa sababu dereva wa Kampala hasimami kwa mtu anayesitasita. Kwa bodaboda, patana bei kabla hujapanda, na asiye na kofia ya ziada mwache aende zake.

Umeniambia kwamba Jumapili unahesabu siku. Jumapili hii panda mnara wa ule msikiti mkubwa wa taifa ulio kilima cha Old Kampala, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008 na ambao watu wengi bado huuita wa Gaddafi. Wageni wa dini zote huruhusiwa, na wanawake hupewa nguo za kujistiri mlangoni. Nilimpeleka huko mdogo wangu alipokuja kunitembelea, akiwa amepotea mara tatu katika siku mbili. Ukiwa juu utaona kwamba mji umekaa juu ya vilima, Namirembe na Rubaga upande mmoja, Nakasero na Kololo upande mwingine, na kwamba barabara zinateremka kukutana bondeni, kwenye vituo vya teksi. Kuanzia siku ile mdogo wangu akawa hapotei tena: akichanganyikiwa huteremka tu, akifika bondeni huuliza. Utaona vilevile kwa nini vyumba vya bei rahisi viko mabondeni, na kwa nini mtu wa Bwaise huweka godoro lake juu ya matofali msimu wa mvua.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Raia wa Afrika Mashariki halipii viza kuingia Uganda, lakini tazama ndani ya pasipoti yako uone umepewa siku ngapi na kwa shughuli gani. Ikiwa umegongewa muhuri kama mtembezi, iombe ofisi yako barua sasa, uende nayo Uhamiaji ukaulize kibali kinachokufaa. Usingoje kuulizwa mpakani siku ya kurudi, ukiwa na mabegi na basi linapiga honi.

Kuhusu kushindwa, wiki ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ugeni umekwisha kunoga na uenyeji haujaanza. Niandikie wiki ya saba. Uniambie mpishi amekufundisha nini.

SWALI: Shangazi, salaam. Mwanangu wa kiume anakuja Kampala mwezi wa Septemba kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, na hajawahi kulala nje ya Tanzania. Abebe nini, na apange wapi? Mama yake hana usingizi.
Baba, Bukoba

JIBU: Mwambie mama yake alale. Kijana aliyekulia Bukoba kwa ndizi za kupika na maharage atakula Kampala bila kulalamika, na Kihaya chake kitaelewana na Kinyankole, lugha ya watu wa magharibi mwa Uganda, kwa nusu ya njia. Septemba mvua za pili huanza, na mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, basi sweta na mwavuli visikosekane. Shuka na sufuria atavipata katika soko la Owino kwa bei ya kupatana. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima.

Kwa miezi mitatu simshauri achukue muzigo, kwa kuwa wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa mbele, naye atalazimika kununua hata kitanda. Hosteli za wanafunzi za Kikoni na Wandegeya, karibu na Makerere, zina kitanda na meza, na baadhi hupokea watu wa muda mfupi vyuo vinapokuwa likizo. Kwa Septemba aulize mapema. Kokote atakakopanga, aulize kama umeme, ambao hapa hununuliwa kwa tokeni za Yaka kama LUKU yenu, umo ndani ya kodi au kila mpangaji ana mita yake. Vyumba kumi vikitumia mita moja, ugomvi haukosekani, na mgeni ndiye husingiziwa pasi na birika.

Fedha asibadilishe zote kwa vijana wanaozunguka na vibunda mpakani. Abadilishe za kula na nauli tu, zilizobaki azipeleke kwenye maduka ya fedha ya Kampala Road. Na basi likifika Mutukula ashuke na pasipoti na cheti cha chanjo vikiwa mfukoni, si kwenye begi lililofungiwa buti, maana kondakta hatakubali kulifungua kwa ajili ya mtu mmoja.