Maswali na majibu: mlokasti ni meza ya kulungu, si kiti chako

Maswali ya uwindaji wa kulungu ya safari hii karibu yote yanauzunguka mti mmoja, Gleditsia triacanthos, ambao Wamarekani wanauita honey locust na mimi hapa nitauita mlokasti. Mnaujua. Umejaa kando ya vijito na kwenye mipaka ya mashamba ya zamani huku Midwest, majimbo ya kati-magharibi ya Marekani, na shina lake lina miiba inayotoka kwa mafungu, mingine mirefu kupita kidole cha kati. Walioulizia leseni bila kutaja jimbo nimewaacha nje, kama kawaida. Sheria ya Kansas si ya Missouri, ya Missouri si ya Iowa, na sitabahatisha leseni ya mtu.

*Mwenye shamba ameniruhusu kuwinda kwa upinde. Mahali pazuri kuliko pote ni kona ya kijito ambapo njia tatu za kulungu zinakutana, lakini mti mkubwa uliopo hapo ni mlokasti, miiba tangu chini hadi juu ya kichwa. Nipande vipi? – Msomaji, Columbia, Missouri*

Usipande. Kila mwaka, kuanzia Agosti, naulizwa jambo hili, na kila mwaka jibu ni lile lile.

Jiulize kwanza kwa nini njia tatu zinakutana pale. Kulungu wanafuata maganda. Mlokasti jike huzaa maganda marefu ya kahawia, yaliyojipinda, yanayoweza kufika sentimita 30 na zaidi, na ndani yake mna nyama tamu inayozizunguka mbegu. Huanza kuanguka vuli na kuendelea kudondoka hadi katikati ya baridi, wakati matunda ya mwaloni yameshaliwa yakaisha. Sasa wewe unataka kukaa juu ya chakula chao. Ukiwa pale, kulungu anakuwa karibu mno na chini yako kabisa. Pembe ya kulenga inakuwa mbaya, mshale unaingia mgongoni na kupita pafu moja tu, na harufu yako inamwangukia.

Tafuta mti mwingine mita 15 hadi 20 kutoka hapo, wenye shina lililonyooka, ulio hai, mwaloni ukipatikana. Kaa upande ambao upepo unatoka kwa mlokasti kuja kwako. Na paendee jioni. Asubuhi kulungu bado wako pale wanamalizia kula gizani, nawe unawakanyagia katikati ukiwa na tochi kichwani. Unawafukuza kabla hata hujapanda, kisha unaniandikia kwamba eneo halina kulungu.

Kama kweli hakuna mti mwingine, kaa chini. Hema la kuvizia likiwekwa mapema likazoeleka linafanya kazi vizuri kando ya mahindi yaliyovunwa.

Najua wapo watakaopanda hata hivyo, kwa hiyo sikilizeni. Sahau lile dungu (jukwaa la kukalia mtini) la kujipandisha lenye vipande viwili, halipiti kwenye miiba wala matawi. Ni ngazi tu. Omba ruhusa ya mwenye shamba ya kusafisha shina, kwa maneno yaliyo wazi, maana kuruhusiwa kuwinda hakumaanishi kuruhusiwa kukata. Vaa miwani na glavu nene za ngozi, na ukate miiba kuzunguka shina lote, tangu chini hadi juu ya kichwa chako utakapokuwa umesimama kwenye dungu. Kuzunguka lote, si upande wa ngazi peke yake. Mkanda wa usalama ukikudaka unapoanguka, hukubembeza ukarudi kwenye shina, na uso ndio unaotangulia. Tena kata hadi kwenye gome. Mwiba uliobaki chini ya mkanda wa kukaza dungu unashikilia leo, kesho unapondeka, mkanda unalegea, na dungu linahama ukiwa juu yake. Mwisho, okota yote uliyoikata, kwa reki na ndoo. Utashuka gizani, na mwiba wa mlokasti uliokauka hauulizi bei ya buti zako.

Ukimaliza kazi hiyo yote utakuwa umeacha harufu ya jasho lako pale kwa nusu siku. Mwaloni ulio karibu ungekuwa umeshakupokea.

*Nitatofautishaje mlokasti na ile miti mingine ya miiba? – Msomaji, Wichita, Kansas*

Robinia, ambayo nayo wanaiita locust na ndiyo inayowachanganya wengi, ina miiba mifupi iliyokaa miwili miwili kwenye vijiti, maganda yake ni madogo na bapa, na gome lake limejikunjakunja kwa mifereji mirefu. Ni mti wenye sumu kwa farasi. Kulungu hawaji pale kwa ajili ya maganda, kwa hiyo usipoteze jioni zako.

Osage orange, ambayo huko Kansas mnaiita hedge, ina mwiba mmoja mmoja mfupi na tunda la kijani lenye mikunjomikunjo, kubwa kama chungwa au zaidi. Ilipandwa mistari kwa mistari kuwa ua wa mifugo kabla ya seng'enge. Hataza ya Joseph Glidden ya waya wenye miiba ni ya mwaka 1874, na mistari hiyo iko hadi leo. Hiyo mistari ni mali. Kulungu wanaitumia kama njia iliyofichika kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Mbao yake ilipendwa na Waosage na mataifa mengine ya wenyeji wa Marekani kwa kutengenezea pinde, na bado haina mpinzani. Ila miti yenyewe mara nyingi imejipinda na ina mashina mengi, dungu halikai. Kaa mwisho wa mstari, penye pengo.

Mlokasti ndio pekee kati ya hiyo mitatu wenye mafungu ya miiba kwenye shina lenyewe. Ile mnayoiona imepandwa mitaani mijini ni aina isiyo na miiba ya mti huo huo.

*Dungu langu lina urefu wa mita tatu tu. Kuna haja ya mkanda wa mwili mzima?*

Ndiyo.

Naona haitoshi. Idara za wanyamapori za majimbo haya zinasema kila msimu kwamba kuanguka kutoka kwenye madungu ni miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji kuumia, na watu wengi huanguka wakati wa kupanda, kushuka, au kuhamia kutoka ngazini kwenda kwenye kiti. Kwa hiyo mkanda unaoufunga baada ya kuketi umefika umechelewa. Tumia kamba ya kujinasia inayotoka chini hadi juu, jifunge ukiwa bado unakanyaga ardhi. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe kwenye ngazi muda wote. Bunduki au upinde hupandishwa kwa kamba baada yako, na bunduki iwe haina risasi. Ukining'inia, chezesha miguu na ukanyage ule mkanda mdogo wa kujiinulia, maana damu ikituama miguuni ukiwa umetulia unaweza kuzimia. Simu ikae mfuko wa kifuani, usiiache kwenye begi lililotundikwa juu. Na mwambie mtu nyumbani uko mti gani. Wake zetu wanajua tumekwenda "porini", na pori la hapa lina ekari nyingi.

*Naweza kupigilia misumari ya kupandia, au kukata miiba, kwenye ardhi ya umma? – Msomaji, Missouri*

Hapana, na hapana. Kwenye maeneo ya Idara ya Uhifadhi ya Missouri yanayoruhusu madungu, ni madungu ya kubebeka tu, kati ya Septemba 1 na Januari 31, yakiwa na jina na anwani yako au namba yako ya uhifadhi, ile uliyopewa na Idara. Misumari, vidato vya kuzungusha na chochote kinachodhuru mti ni marufuku. Mlokasti wa ardhi ya umma uachwe na miiba yake.

*Nikiokota maganda kando ya barabara nikayamwaga chini ya mti wangu, si ni chakula cha asili? – Msomaji, Sedalia, Missouri*

Ganda lililoanguka lenyewe ni la asili. Gunia ulilolimwaga wewe ni chambo, na Missouri hairuhusu kuwinda kulungu kwa chambo. Hata ukikiondoa, eneo linahesabika lina chambo kwa siku 10 baadaye. Usitegemee askari wa wanyamapori akae chini kusikiliza hoja yako kuhusu asili. Kansas wanaruhusu kwenye ardhi binafsi, Iowa hawaruhusu. Ndiyo maana nasema taja jimbo.

Mimi nisingeweka chambo hata pale sheria inaporuhusu. Ugonjwa wa kukonda wa kulungu, uliogunduliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, uko Missouri, Kansas na Iowa, na unaenea pale kulungu wengi wanapoweka pua mahali pamoja. Kinachousababisha ni prioni, protini iliyoharibika umbo, ambayo haifi kwa kupikwa. Haijathibitika kwamba mtu ameupata kwa kula nyama, lakini ushauri wa wataalamu wa afya wa Marekani ni kutokula mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Missouri wanapima bila malipo. Peleka kichwa kabla hujamwalika mtu yeyote pilau.

*Nyama ya kulungu aliyepigwa mshale ni halali? – Msomaji, Kansas City*

Swali la sheikh, si langu, ila wengi niliowasikia wanaegemea hadithi ya Adiy bin Hatim, sahaba wa Mtume: utaje jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, silaha ichome kwa ncha yake kali, na ukimkuta bado hai umchinje. Kama amefia majini, kuna zuio. Upande wangu ni huu tu: noa chembe ya mshale hadi inyoe vinyweleo vya mkono, na usiachie mshale kupitia vijiti vya mlokasti. Ukigusa kimoja tu unageuka, unapiga kwa ubavu, na unamwacha mnyama na jeraha.

*Nilimpiga jioni, akaingia kwenye kichaka cha milokasti michanga. Nilimfuata hapo hapo, nikachanika mikono na sikumpata. Nilikosea wapi? – Msomaji, Topeka, Kansas*

Kwenye "hapo hapo". Mtazame anavyoondoka, weka alama pale aliposimama, kisha shuka ukautafute mshale. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa. Mshale wenye kijani na harufu ya matumbo unakuamuru uende nyumbani urudi baada ya saa sita au nane. Kulungu aliyepigwa tumboni asiyesumbuliwa hulala karibu. Ukimwinua, anavuka mashamba mawili.

Ndani ya kichaka cha milokasti michanga usiingie usiku peke yako, kwa sababu miti michanga na matawi ya chini ndiyo yenye miiba zaidi, na iko usawa wa macho. Vaa miwani, tangulia na fimbo. Damu itafute pia kwenye vijiti, usawa wa mbavu za kulungu, si ardhini peke yake. Akivuka uzio, piga simu kwa jirani kwanza. Mtu mweusi mwenye silaha na tochi kwenye shamba asikojulikana si jambo la kulichukulia mzaha, na nadhani sihitaji kulirefusha. Ukifika nyumbani jikague kupe pia. Kuna wa hapa ambao wakikuuma unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu, ukaaga mbuzi choma.

*Mwiba umenivunjikia kwenye goti wiki iliyopita, goti limevimba. Niweke nini?*

Weka miadi, leo. Kipande cha mwiba kilichobaki ndani ya kiungo kinaweza kuleta uvimbe usioisha mpaka kitolewe, na picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haikioni, kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba ni mwiba. Uliza na chanjo ya pepopunda. Usinitumie picha tena.

*Kwa nini mti wa huku una miiba mirefu hivyo, wakati hakuna tembo wala twiga?*

Wanyama wakubwa walikuwepo. Wanasayansi kadhaa wanadhani miiba hiyo ilikuwa kinga dhidi ya mastodoni, mnyama wa kale mfano wa tembo, na wanyama wengine wakubwa waliotoweka Amerika Kaskazini zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na kwamba maganda matamu yalikuwa ya kuwafanya wasafirishe mbegu. Ni nadharia, lakini aliyewahi kuona tembo akifuata maganda ya migunga hapati shida kuielewa.

*Bado nasubiri kesi yangu ya hifadhi ya ukimbizi. Naweza kuazima bunduki ya rafiki? – Msomaji, Iowa*

Usiiguse kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Sheria ya shirikisho inamzuia asiye na kibali halali kuwa na bunduki, na mwenye viza ya muda naye anazuiwa isipokuwa kwa hali chache, mojawapo kuwa na leseni halali ya uwindaji. Wewe uko wapi kati ya hao, wakili ndiye wa kusema. Upinde hauhesabiwi kuwa bunduki katika sheria hiyo.

*Niko Voi. Naweza kutumia mbinu zenu za dungu kwenye mgunga nipate paa?*

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Panda na kamera.

*Naweza kuuza nusu ya nyama kwa mwenye mgahawa wa nyumbani?*

Hapana. Ukizidiwa, Missouri wana mpango wa kugawa nyama kwa wahitaji tangu 1992.

*Niliegesha pikapu chini ya mlokasti, tairi mbili zimepata pancha. Nimdai mwenye shamba?*

Mdai aliyekuambia uegeshe pale.