Betri ya tatu ndani ya miezi 14: mwizi amejificha wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina pikipiki ya Suzuki V-Strom 650 ninayoitumia kwa safari tu, Dar hadi Iringa au Lushoto, mara moja kwa mwezi au miwili. Siku nyingine zote inalala barazani Kigamboni chini ya turubai. Shida yangu ni betri. Hii ni ya tatu ndani ya miezi 14. Nikirudi safari, Jumapili ya kwanza inawaka vizuri, Jumapili ya pili starta inagonga tu "ta-ta-ta". Na kila Jumapili naiwasha dakika tano ijichaji! Gereji wameniambia koili ya chaji (ile ya ndani ya injini inayozalisha umeme) imekufa, injini ifunguliwe. Nimeongeza taa mbili za mbele, chaja ya simu na GPS ya kuzuia wizi. Nifungue injini?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usifungue chochote, na betri ya nne usinunue kwanza. Nunua mita ya kupimia umeme, hata ile ndogo ya dukani ambayo bei yake ni kidogo sana ukilinganisha na betri. Maelezo yako yenyewe yanaitetea hiyo koili. Pikipiki inatoka Iringa, inawaka njiani kila unaposimama, na wiki moja baadaye bado inawaka. Koili ikifa hufiki hata Morogoro bila kuona dalili. Betri yako inajaa vizuri safarini, ila inanyonywa ikiwa imelala.

Hata hivyo tusiamini maneno, tupime. Washa injini, weka mita kwenye volti za DC, gusa ncha mbili za betri, kisha panda hadi mizunguko kama 5,000 kwa dakika. Ukiona kati ya 13.8 na 14.8, mfumo wa chaji ni mzima na mjadala wa koili umeisha. Ikibaki kwenye 12 na kitu, anza na soketi ya waya tatu zinazotoka kwenye koili kwenda regulata (kifaa kinachodhibiti volti za chaji). Kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu, soketi hiyo hushika kutu, ikapata moto na plastiki ikageuka kahawia. Ikivuka 15.5, regulata ndiyo inayochemsha betri.

Sasa tumtafute mwizi. Zima swichi na utoe ufunguo. Fungua waya wa hasi kwenye betri (wa hasi ndio hutoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa chesisi isirushe cheche). Hamishia mita kwenye ampea, tundu la 10A, kisha iweke katikati: ncha moja kwenye waya uliofungua, nyingine kwenye ncha ya hasi ya betri. Subiri dakika kadhaa vifaa vitulie. Ukiona ni kidogo, shuka kwenye miliampea. Angalizo moja: mita ikiwa hapo usiwashe swichi wala kubonyeza starta, utaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe.

Saa ya dashibodi peke yake hula miliampea chache tu. Tuseme wewe umekuta 30. Utaona ni kitu kidogo, lakini piga hesabu. Miliampea 30 kwa saa 24 ni miliampea-saa 720. Kwa wiki ni kama ampea-saa 5 (ampea-saa ndiyo kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri). Betri ya pikipiki yako ina ampea-saa 10. Nusu imekwenda Jumapili ya kwanza, na ya pili hakuna kitu. Ndivyo ulivyonieleza mwenyewe.

Mita ikiwa bado imeunganishwa, chomoa kimoja kimoja vifaa ulivyoongeza; kile ambacho ukikichomoa namba inashuka, ndicho mwizi. Mimi ningeanza na hiyo GPS, kwa sababu hailali. Inatafuta setilaiti na minara ya simu usiku na mchana. Kifaa ulichofunga kuzuia wizi kinakuibia betri. Kisha chaja ya simu, hasa kama imeungwa moja kwa moja kwenye betri, maana hizi nyingi zina kitaa cha bluu kisichozimika. Taa za mbele ziungwe kupitia rilei (swichi ndogo ya umeme) inayoamshwa na swichi ya ufunguo, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na betri.

Zile dakika tano za Jumapili ziache. Najua unafanya kwa nia njema, lakini injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kuongezwa mafuta, na taa kubwa zinawaka, kinachobaki kwa betri ni kidogo. Hata tukikubali ampea 2, dakika tano ni ampea-saa 0.17, wakati GPS imekula 5. Juu ya hapo injini haijapata moto wa kutosha, kwa hiyo unyevu unabaki kwenye oili na ndani ya ekzosi.

Ukigundua ni GPS, usiihamishie kwenye waya wa swichi, kwa sababu ukizima pikipiki nayo itabaki na kibetri chake kidogo cha saa chache, na wezi wa Dar wana subira. Mwambie aliyekufungia aiweke katika hali ya kulala, iamke pikipiki ikitikiswa. Halafu tafuta chaja ndogo ya kujizima yenyewe ikijaza, ya ampea 1 hivi, uiache barazani. Kama huko umeme unakatika mara kwa mara, paneli ndogo ya sola ya wati 5 hadi 10 yenye kidhibiti chake inatosha kabisa. Zile chaja kubwa za magari za gereji zikatae. Zinapika betri ndogo kama yako. Na kama betri yako ni ya kufungwa kabisa, mtu asikufungulie vifuniko kuongeza maji.

Na kuisukuma iwake? Ina zaidi ya kilo 200, na pampu yake ya mafuta inahitaji umeme kabla injini haijashika. Betri ikiwa imekufa kabisa mtatokwa jasho bure.

Betri uliyonayo sasa huenda imeumia, kwa sababu betri ya madini ya risasi ikikaa bila chaji hushika ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na ukoko huo ukikomaa hautoki. Ndiyo maana hazifiki hata nusu mwaka. Ichaji usiku mzima, chomoa waya wa hasi, iache kwa muda wa saa 12, kisha pima volti. Ikisoma 12.7 au zaidi, irudishe kazini. Ikiwa chini ya 12.4, hiyo imekwisha. Nunua mpya, lakini baada ya kumkamata mwizi.