Kiwanja kipya: usifyeke kabla hujajua kilichoota

Ukishakabidhiwa kiwanja, weka panga chini. Vibarua wakifyeka siku ya kwanza, wanaondoa maua na matunda, na hayo ndiyo yanayoutambulisha mmea kuliko jani. Kusini na katikati mwa Uganda mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Subiri msimu mmoja upite. Hata vilivyolala ardhini vitachipua. Kwa sasa safisha njia tu.

Anzia mpakani. Huku Buganda, mulamula (Dracaena fragrans) hupandwa kuonyesha kiwanja kinapoishia. Majani yake marefu yanafanana na ya mahindi, na mgeni huung'oa akidhani ni kichaka tu, kumbe ameng'oa alama ya mpaka. Mwombe mzee wa jirani mzunguke naye, umwulize majina ya Kiganda na uyaandike.

Kisha fungia kila mmea usioujua kitambaa chenye namba. Tazama kama majani yamekaa mawili mawili yakielekeana au yanapishana, kama shina ni la mviringo au lina pembe nne, na kama ukikata unatoka utomvu. Wengi hukosea kwenye jani lenyewe. Mti wa nsambya (Markhamia lutea) huonekana kuwa na majani mengi madogo, lakini chipukizi hutokea pale kikonyo kikuu kinapoungana na tawi, kwa hiyo safu yote ile ni jani moja.

Programu za simu kama PlantNet husaidia, ila ukiipa picha ya jani pekee hubahatisha. Piga ua, tunda, na jani pande zote mbili.

Usionje kitu. Miche ya mnanaha huota katikati ya mboga na huweza kudhaniwa mnavu, kumbe mnanaha una sumu kuanzia mizizi hadi mbegu. Mnavu una maua madogo kama nyota na matunda laini ya mviringo. Mnanaha una ua refu kama tarumbeta, tunda lenye miiba, na jani lake likisagwa hunuka vibaya. Utomvu mweupe wa mnyaa nao ukiingia jichoni huliumiza sana.

Lumbugu, nyasi sugu inayotambaa chini ya ardhi, ndiyo pekee usiyoisubiri. Usiikatekate kwa jembe, maana kila kipande chenye kifundo huchipua. Tumia jembe uma, itoe nzima, uianike juani.

Mmea usiojulikana hata kwa majirani, kata tawi la sentimita 30 hivi lenye ua au tunda. Libane katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, ukibadilisha magazeti kila siku, la sivyo unyevu utaliotesha ukungu. Andika mahali, tarehe, urefu wa mmea na rangi ya ua, kwani rangi hupotea likikauka. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Peleka huko, ukibaki na tawi la pili lenye namba ileile.